Wiketi Saba za Bakili

Kwa miaka ishirini na saba, mtu akiniuliza nani aliyeipa timu ya kriketi ya mkoa wetu ushindi wake wa kwanza, nimekuwa nikijibu bila kupepesa macho: kaka yangu Sadalla. Nilikuwa nasema uongo. Aliyewatoa wapigaji saba siku ile ni Bakili, mtandika jamvi, na ninalijua hilo kuliko mtu yeyote kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mezani na kalamu, nikaandika jina la kaka yangu mahali palipokuwa pa Bakili.

Naitwa Badria. Nauza zipu, vifungo na nyuzi Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, katika duka alilotuachia baba. Wanaonijua watawaambia kwamba nina mdomo, sikopeshi, na sipendi mtu anayeshika bidhaa bila nia ya kununua. Hayo yote kweli. Ila wanafikiri pia kwamba mimi ni mtu wa haki, na hapo ndipo wanapopotea.

Bakili alikuja mjini mwaka themanini na tisa akitokea Nachingwea. Alifikia kwa mjomba wake Gerezani, akafanya kibarua cha kukwangua kutu kwenye karakana, akakohoa mwaka mzima, akaacha. Klabu moja ya kriketi, ambayo sitaitaja jina, ikamwajiri kutunza uwanja wake kule bonde la Jangwani. Wengi wetu hapa mjini tunajua mpira wa miguu tu, kwa hiyo niseme kidogo. Mrushaji anaurusha mpira, unadunda chini mara moja, na mpigaji mwenye gongo anajaribu kuuzuia usiangushe vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Vikianguka ametoka, na mrushaji amepata wiketi moja. Pale panapodunda mpira ndipo kwenye kazi. Sisi hatukuwa na nyasi za kunyoa, tulikuwa na kipande kirefu cha saruji, na juu yake linatandikwa jamvi la makumbi ya nazi.

Jamvi lile lilikuwa zito. Likilowa halibebeki na watu wawili. Bakili alilikunjua kila Jumapili kabla wachezaji hawajaamka, akalivuta kwa mikono na kulisukuma kwa goti mpaka likakaza, kisha akapigilia misumari mirefu pembeni, mmoja mmoja. Masika yakianza, yeye ndiye aliyekuwa akitazama mawingu na kuliondoa bondeni kabla maji hayajafika. Alilijua jamvi lile, wapi limeshonwa, wapi limelegea, wapi mpira utakata kushoto na wapi utainuka.

Nahodha wetu alikuwa Hashimu, muuza vipuri wa Gerezani, mtu mwenye kelele na roho nzuri. Siku moja mazoezini alikosa wa kumrushia mpira, akamwita Bakili. Bakili akarusha kama alivyokuwa akiwaona wengine wakirusha. Hashimu aliangushiwa vijiti mara tatu mfululizo, akasema jamvi limejikunja, akaenda kulikagua kwa mikono yake. Halikuwa limejikunja. Kuanzia hapo Bakili akawa anawarushia wote kila wiki, na wote walikuwa wakimwogopa, na hakuna aliyefikiri kumwita mchezaji.

Mwaka tisini na saba ndipo timu ya mkoa ilipoundwa. Tuliokota watu kwenye klabu: watoto wa wafanyabiashara wa Kihindi, vijana wa Kiswahili wa Gerezani na Ilala, makarani wawili wa benki. Mashati yalishonwa na fundi wa jirani, vifungo nilitoa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo nikapewa daftari la mchezo. Mtunza daftari anaandika kila mpira uliorushwa, nani karusha, nani katoka na katokaje. Kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, kisha unatia sahihi pembeni. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza na nilijivunia sana kukijua kitu ambacho wanaume wale hawakukijua.

Mashindano ya mikoa yalikuwa na kanuni kwamba anayelipwa kwa kazi za uwanja haruhusiwi kucheza. Majina kumi na moja yakapelekwa kwenye fomu, na la kaka yangu Sadalla likiwemo. Sadalla alikuwa anatoa mizigo bandarini, na asubuhi ya mechi yetu ya kwanza meli ikaingia na makontena ya tajiri wake. Akatuma ujumbe kwamba haji. Wageni walikuwa wameshafika, tuko kumi. Hashimu alizunguka uwanja mara mbili akijikuna kichwa, akasimama mbele ya Bakili aliyekuwa bado na nyundo mkononi, akampa shati la Sadalla.

Nilimuuliza Hashimu niandike jina gani. Akaniambia niandike lililoko kwenye fomu, tutarekebisha baadaye. Basi nikaandika Sadalla. Juu ya ukurasa huohuo, mahali pa kuandika hali ya hewa na hali ya uwanja, nilikuwa nimeshaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Jamvi, Bakili.

Nimetazama kriketi nyingi tangu siku ile na sijaona mtu akirusha vile. Hakuwa na nguvu. Aliuachia mpira polepole, ukadondoka pale alipopataka, na pale alipopataka alipajua kwa goti lake. Wa kwanza alitoka hajui kilichomtoa. Wa tano alikuwa jamaa mnene mwenye kofia ya manjano ya ukili. Vijiti vilipoanguka aligeuka kuvitazama, kofia ikamtoka ikaangukia juu ya vijiti, na Bakili akaiokota, akaipangusa vumbi na kumrudishia kwa mikono miwili kama anayempa mkubwa wake kitu. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka huku naandika. Hadi tunamaliza, Bakili alikuwa amewatoa saba, na tukashinda.

Ningependa kusema nilisikitika siku ileile, lakini sikusikitika. Tulifurahi wote, Bakili naye akafurahi. Tungesema ukweli tungenyang'anywa ushindi, kwa hiyo tukanyamaza, na gazeti likatoka na jina la Sadalla. Mama alilikata lile gazeti akalibandika. Hashimu, ambaye hajui kuacha jambo likapoa, akamletea mama mpira wa siku ile, ukakaa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Sadalla alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata alikuwa hacheki tena, anatabasamu. Mwaka wa tatu alikuwa anawaonesha watu namna alivyoushika mpira, na kidole alichokuwa anakitaja sicho.

Bakili alilifua shati, akalipiga pasi, akalirudisha nyumbani kwetu limekunjwa. Nililipokea mimi mlangoni. Hakuna aliyemwambia aingie ndani.

Baadaye aliacha uwanja akawa fundi wa mazulia. Ni kazi ileile ya goti na misumari, ila ndani ya nyumba. Mjini alikuwa akijulikana kwa kazi safi, misikiti na ofisi walimwita. Mimi nilikuwa nikiona zulia limekunjwa begani mwa mtu huko mbele, navuka barabara. Nilijiambia nakwepa jua.

Hayo tuliyafanya wote, na nikitaka kujitetea naweza kujificha nyuma ya Hashimu na wale tisa. Ninalotaka kulisema ni jingine, na hilo nililifanya peke yangu.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, saa tisa mchana, duka limejaa mafundi wanaochagua zipu. Mama amekaa kwenye benchi lake ndani ya duka, maana alikuwa hapendi kubaki nyumbani. Akaingia kijana mmoja mwalimu wa michezo na binti wa miaka kumi na mbili mwenye sare ya shule. Mwalimu alikuwa anafundisha kriketi kwa magongo ya plastiki, na binti huyu alikuwa amewaambia wenzake darasani kwamba baba yake aliwahi kuwatoa watu saba kwenye mechi ya kwanza ya mkoa. Mwalimu alifurahi. Alitaka kumwalika baba huyo shuleni, akamuuliza Hashimu, na Hashimu kwa woga wake akamwelekeza kwangu: Badria ndiye mwenye daftari.

Binti akanipa shikamoo. Akasema anaitwa Stella Bakili.

Nilijua hapohapo. Mama alikuwa ananitazama. Sadalla alikuwa hai, yuko juu ghorofani anakula. Ningeweza kusema daftari limepotea. Ningeweza kusema njooni kesho. Badala yake nililitoa kwenye droo, nikafungua ukurasa, nikaweka kidole.

"Soma hapa, mwanangu," nikamwambia. "Huyu ni kaka yangu."

Alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma shuleni. Kisha akaanza kulitafuta jina la baba yake, mstari kwa mstari, na macho yake yakapanda hadi juu ya ukurasa. Mwalimu alikuwa mpole. Alisema, "Kumbe baba alikuwa anatandika jamvi." Fundi mmoja akacheka, wenzake wakafuata. Mama akasema watoto wa siku hizi wana maneno. Na mimi nikacheka. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka tukio lile bila kicheko changu, na kila nikilikumbuka kimo.

Stella hakulia. Alinishukuru, akaniamkia tena badala ya kuaga, kwa kuchanganyikiwa, akatoka. Nikampimia fundi zipu zake.

Sadalla alifariki miaka mitano iliyopita, na mama akamfuata. Daftari likabaki kwenye droo. Mwaka huu Hashimu, ambaye siku hizi yuko kwenye kamati ya kriketi ya mkoa, akanipigia simu kwa furaha kwamba wanaandaa sherehe ya kukumbuka timu ya kwanza. Kutakuwa na ubao wa majina, jina la Sadalla la kwanza, na watoto wake watapewa nishani. Daftari litawekwa kwenye kioo ili watu wausome ukurasa ule. Nikamwambia, "Hashimu, ukurasa ule unaujua." Akaniomba nisiwaharibie siku. Akasema Bakili mwenyewe hajawahi kulalamika.

Hilo la mwisho ndilo nililolibeba. Niliamua kwenda kumwona Bakili, na nitasema wazi nilichokuwa nakitafuta: nilitaka aniambie hana neno. Nilitaka kusamehewa bila kufanya chochote, nirudi dukani nilale usingizi wangu.

Nilimkuta ghorofa ya tatu Mtaa wa Msimbazi, kwenye ofisi mpya isiyo na viti, amepiga magoti juu ya zulia la bluu. Amekuwa mwembamba, nywele zimeota mvi upande mmoja kuliko mwingine. Aliniona, akanikaribisha kana kwamba tulionana jana, akanipa ncha ya futi nimshikie kule ukutani. Nikashika. Kwa muda mrefu tulipima tu.

Nikaanza na sherehe, nikaeleza ubao, nikaeleza nishani. Aliendelea kukata. Nikasema nimekuja kumwomba radhi kwa yale ya daftari. Akasema yale yalikuwa ya wote, hata yeye alikubali kulivaa lile shati. Nilihisi mzigo unashuka, na hapo ningeweza kuaga. Lakini alikuwa hajainua kichwa, na nikajua anajua. Nikamwambia lile la dukani. Nilimwambia lote, hadi kicheko.

Bakili aliweka kisu chini.

"Siku ile alirudi nyumbani akaniuliza mbele ya wadogo zake," alisema. "Baba, wewe uliwatoa watu saba au ulikuwa unatandika jamvi? Nikamwangalia. Nikaona nikisema ndiyo, atarudi tena kwako kubishana, na ninyi mtamcheka tena. Nikamwambia nilikuwa nakutania."

Nilikuwa bado nimeshika ncha ya futi.

"Toka siku hiyo, pale kwangu uongo unaitwa saba. Mtu akitia chumvi kidogo, wanamwambia hiyo saba hiyo. Mama yao naye anasema. Mimi mwenyewe nasema." Alitabasamu kidogo, na ningependa asingetabasamu. "Ubao wenu mkiniandika sawa, msiponiandika sawa. Mimi sitaki ubao. Nenda kamwambie Stella."

Nikamwambia tuongozane. Akakataa. Alisema siku ile nilimwambia peke yangu, na leo nikamwambie peke yangu. Kisha akachukua kisu chake.

Nilikaa siku mbili na jambo hilo. Nitakuwa mkweli: siku ya kwanza nilishauriana na nafsi yangu kama niandike barua. Siku ya pili niliwaita watoto wa kaka yangu nikawaeleza, wakubwa wale, wana ndevu zao. Yule wa kwanza aliniambia namfukua baba yake kaburini. Hajaniamkia tena hadi leo ninapoandika, na sijui kama namlaumu, maana nimemnyang'anya kitu nilichompa mwenyewe akiwa mdogo.

Siku ya tatu nikalitia daftari kwenye mfuko wa dukani nikaenda Mtaa wa Aggrey. Stella anatengeneza simu pale, ana meza yake ndogo chini ya ngazi, na taa kali mezani. Ana miaka ishirini na mitatu. Walikuwepo wateja watatu wanasubiri. Nilitaka kumwomba atoke pembeni, kisha nikakumbuka kwamba mimi sikumtoa pembeni.

Alinipa shikamoo, akaniuliza simu ina tatizo gani. Hakunikumbuka. Nikaweka daftari mezani katikati ya vioo vilivyopasuka, nikalifungua ukurasa ule, na hapo akanikumbuka. Uso wake ulikunjamana.

Nikamwambia wote wasikie kwamba jina hili la Sadalla niliandika mimi na si kweli, kwamba kaka yangu siku ile alikuwa bandarini, kwamba aliyewatoa hawa saba ni baba yake, na kwamba alipokuja dukani kwangu na mwalimu nilijua hivyo na nikamdanganya, kisha nikamcheka. Nilimwomba kalamu. Nikakata jina la kaka yangu kwa mstari mmoja, pembeni nikaandika Bakili, nikatia sahihi na tarehe. Mwandiko ukawa mbaya, na nilikuwa nimetaka sana uwe mzuri.

Stella aliufuata ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Wa tano," alisema. "Alikuwa amevaa kofia?"

"Ya manjano," nikasema. "Ya ukili. Ikaanguka juu ya vijiti."

"Na baba akaipangusa."

"Akaipangusa. Akampa kwa mikono miwili."

Alikaa kwenye stuli yake. Mteja mmoja akauliza simu yake itakuwa tayari saa ngapi, na mwenzake akamwashiria anyamaze.

"Hiyo kofia ndiyo tulikuwa tunaicheka kuliko yote," alisema Stella. Alikuwa hanitazami, alikuwa anaitazama bisibisi aliyoishika. "Mwaka juzi alirudi kutoka kazini akasema kifua kinambana. Mimi ndiye nilimjibu. Nilimwambia, baba, na hiyo nayo ni saba. Akaenda hospitali mwenyewe, kwa miguu. Alilazwa siku sita."

Nilitaka kusema pole na nikaona neno lenyewe halinifai mdomoni. Nilikuwa nimekuja na kosa langu nililolijua, lenye ukurasa na tarehe, nikidhani nitalikata kwa mstari mmoja.

Stella akaifuta mikono yake kwenye nguo, akachukua simu yake mwenyewe, akapiga. Nilisikia ikiita mara nyingi. Nadhani baba yake alikuwa amepiga magoti mahali.

"Baba," alisema. "Uko wapi? Hapana, sina shida, niko kazini. Nataka uniambie ile ya kofia. Anza mwanzo."

Nililiacha daftari pale mezani, nikaondoka bila kuaga.